Austin na Portland: Miji Miwili Iliyojivunia Vituko

Agosti 1970 Marekani ilikuwa imechoshwa na vita vya Vietnam. Miezi mitatu tu nyuma, askari wa Walinzi wa Taifa walikuwa wamewapiga risasi na kuwaua wanafunzi wanne katika chuo kikuu cha Kent State, Ohio, na vyuo vya nchi nzima vilikuwa vinachemka kwa hasira. Mwezi huohuo, katika miji miwili iliyotengana kwa zaidi ya kilometa 2,500, yalitokea mambo mawili ambayo wenyeji wanayasimulia mpaka leo kila wanapoulizwa kwa nini mji wao si kama mingine.

La kwanza lilitokea Austin, makao makuu ya jimbo la Texas. Eddie Wilson, meneja wa bendi ya roki, aligundua jengo kuukuu kusini mwa mto, lililowahi kuwa ghala la silaha la Walinzi wa Taifa haohao. Yeye na wenzake wakalipanga, wakatandika vipande vya mazulia sakafuni, wakachora kuta, wakaliita Armadillo World Headquarters. Armadilo ni mnyama mdogo mwenye gamba gumu, anayefukua ardhi usiku, ambaye watu wengi wa Texas walimjua kama mzoga uliogongwa na gari. Vijana wakamfanya nembo yao. Hawakuwa na ruzuku wala baraka za mkubwa yeyote. Walikuwa na bia, muziki na nywele ndefu, katika jimbo ambalo nywele ndefu zilitosha kumfanya mwanamume apigwe.

La pili lilitokea karibu na Portland, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Oregon. Chama cha maveterani wa vita, American Legion, kilikuwa kifanye mkutano wake mkuu mjini hapo, na Rais Richard Nixon alitarajiwa kuhutubia. Vijana wapinga vita wakaapa kuja kwa maelfu. Mwezi Mei polisi wa Portland walikuwa wamewatwanga kwa virungu wanafunzi wa chuo kikuu cha Portland State, na kila mtu aliona damu nyingine inakuja. Ndipo kikundi cha mahipi kilipompelekea gavana Tom McCall pendekezo ambalo mwanasiasa mwingine angelifukuza mlangoni: serikali ya jimbo iandae tamasha la muziki la bure porini, vijana waende huko badala ya kupambana mitaani. McCall, mwanahabari wa zamani na mwanachama wa Republican, alikubali, huku akiwaambia wasaidizi wake kwamba amejiua kisiasa. Tamasha likaitwa Vortex. Likafanyika katika hifadhi ya McIver, kando ya mto Clackamas, na makumi ya maelfu ya vijana wakaenda. Walivuta bangi, wakaogelea uchi, polisi wakatazama pembeni. Nixon hakutokea. Mitaa ya Portland ikabaki shwari, na Novemba McCall akachaguliwa tena.

Kwangu mimi, tofauti ya miji hii miwili yote imo ndani ya mwezi huo mmoja. Austin vituko vilizaliwa kwa ukaidi, serikali ya jimbo ikiwa imekunja uso. Portland serikali yenyewe ndiyo iliyokuwa mkunga. Na ili kuelewa miji hii ilivyofika hapo, lazima turudi nyuma zaidi ya karne moja.

Austin ilikuwa kijiji kilichoitwa Waterloo, kando ya mto Colorado wa Texas, pale Mirabeau Lamar, rais wa Jamhuri changa ya Texas, alipokichagua mwaka 1839 kiwe makao makuu. Edwin Waller akapima mitaa na kuipa mingi majina ya mito ya Texas, majina yanayotumika hadi leo. Lamar aliota taifa litakalofika Bahari ya Pasifiki. Mpinzani wake mkubwa, Sam Houston, aliona mji huo ni upuuzi: uko ukingoni mwa makazi, katika ardhi ambayo Wakomanche walikuwa bado wanaitetea. Houston aliporudi kwenye urais, na jeshi la Meksiko lilipovamia San Antonio mwaka 1842, alipata sababu ya kuihamisha serikali. Lakini wenyeji wa Austin walikataa kuachia nyaraka za nchi. Walijua kuwa penye hati za ardhi ndipo penye serikali.

Desemba 30 ya mwaka huo Houston alituma watu na magari ya kukokotwa waje wazichukue nyaraka kimyakimya. Angelina Eberly, mwanamke mwenye nyumba ya wageni, akawaona wanapakia. Palikuwa na mzinga mtaani, umewekwa kwa ajili ya kujihami. Mama huyo hakungoja wanaume waamke wajadiliane. Aliuwasha mzinga, na risasi zikapiga jengo la ofisi ya ardhi. Hakuna aliyeumia, ila mji mzima uliamka. Wanaume wakayafuatilia magari hadi ngome ya Kenney, wakayazingira, wakarudi na nyaraka zao. Leo sanamu ya Eberly imesimama katika barabara ya Congress, mguu wazi, mkono ukiwa kwenye mzinga. Mji uliopona kwa kumfyatulia mzinga rais wake mwenyewe ulikuwa na tabia hata kabla haujawa na maji ya bomba.

Tabia hiyo ilionekana tena mwaka 1861. Texas ilipopiga kura ya kujitenga na Marekani ili kulinda utumwa, kaunti ya Travis, iliyo na Austin, ilikataa kwa kura 704 dhidi ya 450. Jimbo lilijitenga hata hivyo. Houston, aliyekuwa gavana wakati huo, alikataa kula kiapo cha kuutumikia upande wa watetezi wa utumwa, akaondolewa. Hivyo ndivyo Austin ilivyozoea kushindwa na jimbo lake huku ikiwa imekaa kwenye kiti chake cha enzi. Chuo kikuu cha Texas kilipofunguliwa mwaka 1883, na jengo la bunge la mawe ya rangi ya waridi likakamilika mwaka 1888, wabunge wahafidhina na wanafunzi wakaidi wakawa majirani wa kudumu, umbali wa kutembea kwa miguu.

Portland haikuzaliwa kwa mzinga. Ilizaliwa kwa sarafu. Mwaka 1845 Asa Lovejoy na Francis Pettygrove walimiliki pamoja kipande cha ardhi kando ya mto Willamette. Lovejoy alitoka Massachusetts, akataka mji uitwe Boston. Pettygrove alitoka Maine, akataka uitwe Portland, kama mji wa kwao. Wakarusha sarafu ya senti moja mara tatu, Pettygrove akashinda mara mbili. Sarafu yenyewe bado imehifadhiwa mjini humo. (Portland ya Maine ndiyo ambayo Wakongo wengi wamepata hifadhi miaka ya karibuni, tunayoizungumzia hapa iko pwani ya pili, magharibi kabisa.) Miti ilikatwa kwa kasi kiasi kwamba visiki vilibaki katikati ya njia, na wapita njia waliruka kutoka kisiki hadi kisiki ili kukwepa matope.

Mji wa biashara, wa watu watulivu wa Kaskazini-Mashariki, wapenda utaratibu. Na utaratibu wao ulikuwa na sura ya kutisha. Mwaka 1844 serikali ya muda ya Oregon ilipiga marufuku utumwa, na katika sheria hiyohiyo ikaamuru watu Weusi waondoke, la sivyo wachapwe viboko. Adhabu ya viboko ilifutwa kabla haijatumika, lakini wazo lilibaki. Mwaka 1857 wapigakura waliulizwa maswali mawili. Je, utumwa uruhusiwe? Walikataa, kura 7,727 dhidi ya 2,645. Je, watu Weusi walio huru wazuiwe kuingia jimboni? Walikubali, kura 8,640 dhidi ya 1,081. Kifungu hicho kilibaki katika katiba hadi mwaka 1926. Naomba msomaji atue hapa kidogo. Texas iliwashika watu Weusi kwa minyororo. Oregon iliwafungia mlango na kujiita huru. Ukiona leo Portland ni mji wenye Wazungu wengi zaidi kwa uwiano miongoni mwa miji mikubwa ya Marekani, usidhani ni bahati ya kijiografia. Iliandikwa, ikapigiwa kura, ikapita.

Mlango ulifunguka kidogo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu meli zilihitaji mikono. Tajiri Henry Kaiser alijenga viwanda vya meli kando ya mito ya Columbia na Willamette, akaleta wafanyakazi kutoka kila pembe ya nchi, wakiwemo maelfu ya Wamarekani Weusi. Portland haikutaka kuwapangisha nyumba. Kaiser akajenga mji mwingine, Vanport, katika bonde lililo chini ya usawa wa mto, ukizungukwa na matuta ya udongo. Kwa muda Vanport, yenye watu kama 40,000, ilikuwa mji wa pili kwa ukubwa Oregon. Mei 30, 1948, mto Columbia ulikuwa umefura. Asubuhi mamlaka ya nyumba ilisambaza karatasi ikiwahakikishia wakazi kuwa matuta ni salama na kwamba wataonywa mapema. Alasiri tuta likabomoka. Kabla ya giza kuingia mji wote ulikuwa umesombwa. Watu 15 walikufa, na zaidi ya 18,000 wakabaki bila makazi, theluthi moja hivi wakiwa Weusi.

Vanport iliacha mtoto mmoja. Chuo kidogo kilichokuwa kimeanzishwa humo kwa ajili ya askari waliorudi vitani kilihamia Portland, kikakua, kikawa Portland State, chuo kilekile ambacho wanafunzi wake walipigwa virungu mwaka 1970. Familia Nyeusi nazo zikahamia Albina, upande wa kaskazini, mahali pekee walipokubaliwa kununua nyumba. Huko, kwenye barabara ya Williams, kulikuwa na kumbi za jazi zilizokesha hadi alfajiri. Kisha zikaja zamu za bomoabomoa: ukumbi wa michezo wa Memorial Coliseum uliofunguliwa mwaka 1960, barabara kuu ya I-5, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 upanuzi wa hospitali ya Emanuel, ambao ulivunja nyumba na maduka yapatayo 300 kabla ya fedha za serikali kuu kukatika. Viwanja vilivyosafishwa vikabaki nyasi tupu kwa miongo kadhaa.

Austin ilifanya vilevile, kwa kalamu ya mhandisi. Baada ya utumwa, watu walioachwa huru walikuwa wameanzisha vitongoji vyao kila upande wa mji. Clarksville, magharibi, kilianza mwaka 1871. Mpango mji wa mwaka 1928 ukashauri kwamba shule, bustani na huduma nyingine za watu Weusi zijengwe upande wa mashariki tu. Sheria za nchi hazikuruhusu kumwamuru mtu ahame kwa rangi yake, hivyo mji ukaondoa shule na mabomba, watu wakahama wenyewe. Mwaka 1962 barabara kuu ya I-35 ikafunguliwa juu ya mstari uleule wa mgawanyiko. Mashariki mwa mstari huo, mtaa wa 11, ndiko ulikokuwa Victory Grill, uliofunguliwa mwaka 1945, ambako B.B. King na Bobby Bland waliimba bluzi. Vijana Wazungu wa chuo kikuu walivuka kwenda kusikiliza. Sifa ya Austin kama mji wa muziki ina mzizi wake mmoja pale, na wenye mzizi huo ndio waliosahauliwa kwanza.

Mzizi mwingine ulikuwa kituo cha mafuta. Kenneth Threadgill, mwimbaji wa kantri, alikigeuza kuwa baa mwaka 1933, marufuku ya pombe ilipoisha. Miaka ya mwanzo ya 1960 wanafunzi walianza kwenda kuimba naye, na miongoni mwao alikuwamo msichana kutoka Port Arthur, mwenye sauti ya kukwaruza, aliyedharauliwa chuoni kwa mavazi yake: Janis Joplin. Mzee Threadgill hakujali nywele za mtu, alijali kama anaimba. Nadhani hapo ndipo Austin ilipojifunza lile jambo lililoitofautisha na Texas nyingine. Mwaka 1972 Willie Nelson, aliyekuwa amechoshwa na biashara ya muziki ya Nashville, alipanda jukwaa la Armadillo. Wachunga ng'ombe na mahipi, waliokuwa wakipigana barabarani, wakasimama bega kwa bega wakinywa bia ileile. Haikuwa siasa. Wala hakuna aliyeipanga. Televisheni ya umma ilianza kurekodi kipindi cha Austin City Limits mwaka 1974, na dunia ikaanza kusikia.

Wakati Austin inaimba, Portland inatunga sheria. Sisemi hivyo kwa dharau. Sheria za Oregon za miaka ile ni miongoni mwa mambo bora ambayo jimbo lolote la Marekani limewahi kufanya. Mwaka 1967 fukwe zote zikawa za umma. Mwaka 1971 chupa na makopo ya vinywaji yakawekewa amana, ukirudisha unalipwa. Mwaka 1973 kila mji ukaamriwa kuchora mpaka wa kukua kwake, ng'ambo ya mpaka yakabaki mashamba na misitu. Portland ikang'oa barabara kuu iliyopita kando ya mto na kuweka bustani, ambayo leo ina jina la McCall. Ikafuta mpango wa barabara nyingine ambayo ingevunja maelfu ya nyumba, fedha zikasaidia usafiri wa umma, na mwaka 1986 treni za mjini zikaanza. Gavana huyohuyo alitokea kwenye televisheni mwaka 1971 akawaambia Wamarekani waje kutembea Oregon mara nyingi wapendavyo, ila wasije kuhamia. Watu walicheka, lakini alimaanisha.

Austin haikuwahi kusema neno kama hilo. Austin ilikaribisha. Tamasha la South by Southwest lilipoanza mwaka 1987 waandaaji walitegemea watu 150, wakaja 700. Baadaye wakaja kwa makumi ya maelfu, na mji ukajitangaza kuwa makao makuu ya muziki wa jukwaani duniani. Mwaka 1984 mwanafunzi Michael Dell alikuwa ameanza kuuza kompyuta kutoka chumba chake cha bweni. Mwaka 1950 Portland ilikuwa na watu karibu mara tatu ya Austin, 374,000 kwa 132,000. Kufikia 1990 Austin ilikuwa imeipita, na sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya 961,000 Austin na zaidi ya 652,000 Portland. Mji ulioimba uliwaita watu. Mji uliotunga sheria uliwachuja. Wala haukufaulu sana kuwachuja, kama tutakavyoona.

Kuna siku moja ambapo Austin nayo ilisema hapana. Barton Springs ni chemchemi inayotoka kwenye miamba ya chokaa karibu kabisa na katikati ya jiji, maji yake yakiwa nyuzi 20 hivi kiangazi na kipupwe. Watu wa kila aina huogelea hapo, ingawa ilichukua ujasiri wa wanafunzi Weusi waliojitosa majini mwaka 1960 kabla neno "kila aina" halijawa na maana. Mwaka 1990 kampuni ya uchimbaji madini ya Freeport-McMoRan ilitaka kujenga maelfu ya nyumba, viwanja vya gofu na maofisi juu ya chanzo cha chemchemi hiyo. Juni 7 baraza la jiji liliitisha kikao. Zaidi ya watu 800 walijiandikisha kuzungumza. Wakazungumza usiku kucha, mmoja baada ya mwingine, wengine wakiimba, wengine wakilia, hadi kukapambazuka, na madiwani, waliodhaniwa wangeupitisha mradi, wakaukataa kwa kauli moja. Miaka miwili baadaye wapigakura wakapitisha sheria ya kuilinda chemchemi. Bunge la jimbo, lililo kilometa chache tu kutoka kwenye maji hayo, likaanza mara moja kutafuta njia ya kuipunguza makali.

Hilo ndilo lililokuwa zito kwa Austin: kila ilipoamua jambo, jimbo lilingoja kulifuta. Portland haikuwahi kuishi hivyo. Kura zake ndizo zilizoliongoza jimbo lake, kwa hiyo vituko vyake vingeweza kuvaa kofia ya serikali. Mwaka 1976 jiji liliitambua rasmi Mill Ends kuwa bustani ya umma: duara la udongo lenye upana wa sentimita 60 katikati ya barabara, ambalo mwandishi wa magazeti Dick Fagan alilipanda maua miaka ya 1940 katika shimo lililoachwa wazi la nguzo ya taa, akadai ni makazi ya majini ya Kiairishi. Mwaka 1984 mwenye baa aitwaye Bud Clark akagombea umeya. Alikuwa na ndevu, alipanda baiskeli, na mji mzima ulimjua kwa bango la mwaka 1978 alimoonekana kwa mgongo akiifunulia koti sanamu ya mwanamke aliye uchi, kwa ajili ya kuhamasisha watu wapende sanaa. Alimwangusha meya aliyekuwa madarakani, akatawala vipindi viwili, na hakuwa kichekesho: alishughulikia watu wasio na makazi kwa mpango wa kweli na akauweka mji mikononi mwa raia wa kawaida.

Austin nayo ilikuwa na mgombea wake, Leslie Cochran, mwanamume asiye na nyumba aliyetembea mtaa wa Congress akiwa na sidiria, sketi fupi na viatu virefu, akisukuma mkokoteni wenye mabango ya kuwalaani polisi. Aligombea umeya mara tatu, kuanzia mwaka 2000. Alipofariki mwaka 2012 mji ulimlilia kwa dhati. Lakini hakushinda. Portland ilimpa mtu wake wa ajabu ofisi ya meya, Austin ilimpa wake kona ya barabara na mapenzi. Nimeyafikiria sana hayo, na sidhani ni bahati.

Mwaka 2000 Red Wassenich, mkutubi wa chuo cha jamii cha Austin, aliipigia simu redio ya jamii, KOOP, kuichangia fedha. Akaulizwa kwa nini anachanga. Akajibu kwamba redio hiyo inasaidia Austin ibaki na vituko vyake. Yeye na mkewe, Karen Pavelka, wakayachapisha maneno hayo kwenye stika za magari na kuzigawa bure. Mwaka 2002 jiji lilipotaka kuupa ruzuku mradi uliokusudia kulileta duka kubwa la vitabu la Borders kwenye kona ya mtaa wa Sita na Lamar, ng'ambo tu ya duka la wenyeji la BookPeople na la muziki la Waterloo Records, wenye maduka hayo wakaichukua kaulimbiu. Utafiti uliofanywa wakati huo ulikadiria kuwa dola 100 zikitumika kwenye duka la mwenyeji zinaacha mjini dola 45, na kwenye duka la Borders dola 13. Borders wakajiondoa. Hii ni sehemu inayosahaulika: maneno yale hayakuanza kama pambo la fulana. Yalikuwa silaha ya wenye maduka wadogo katika vita vya kulinda biashara zao, na ni vita vichache sana vilivyowahi kupatiwa ushindi kwa silaha nyepesi namna hiyo. Muda mfupi baadaye kampuni moja ikaisajili kaulimbiu kuwa alama yake ya biashara ya kuuzia fulana, jambo lililomuumiza Wassenich hadi mwisho.

Mwaka 2003 Terry Currier, mwenye duka la muziki la Music Millennium, akaileta kaulimbiu Portland, akiwa na shabaha ileile ya kulinda maduka ya wenyeji. Ikaandikwa kwa herufi kubwa za njano kwenye ukuta katikati ya jiji, na baada ya miaka michache vijana wa Portland wakaapa kuwa ni yao tangu zamani. Runinga ikafuata na tamthilia ya vichekesho ya Portlandia, kuanzia 2011 hadi 2018, iliyoufanya mji ucheke tabia zake na papo hapo kuwavutia wageni waliokuja kuzinunua. Mpaka wa kukua uliokuwa umelinda mashamba sasa ukawa unabana viwanja. Kodi za nyumba zikapanda katika miji yote miwili. Na waliosukumwa kwanza, kwa mara nyingine, walikuwa watu wa mashariki mwa I-35 na watu wa Albina. Kati ya 2000 na 2010 Austin ilikuwa mji pekee mkubwa uliokua kwa kasi Marekani huku idadi ya wakazi wake Weusi ikipungua.

Siwezi kuandika juu ya uhuru wa Portland bila kumtaja Mulugeta Seraw. Alikuwa mwanafunzi kutoka Ethiopia. Usiku wa Novemba 13, 1988, mwaka wa nne wa utawala wa Bud Clark, vijana wenye itikadi ya ubaguzi wa rangi walimuua kwa rungu la besiboli karibu na nyumba aliyokuwa akiishi. Mwaka 1990 katika kesi ya madai mahakama iliamua kwamba viongozi wa kikundi cha California kilichowachochea wauaji wanawajibika, ikaamuru familia ilipwe dola milioni 12.5. Miaka 30 baada ya kifo chake jiji likaweka jina lake, kwa Kiingereza na Kiamhari, juu ya vibao vya mitaa ya pale alipouawa. Mji ulioweza kucheka na majini ya Kiairishi ulikuwa pia mji ambamo mgeni Mwafrika angeweza kufa hivyo, na anayependa mji huo, kama mimi, hana budi kuyabeba yote mawili.

Septemba 2025 Rais Donald Trump alipotangaza kuwapeleka askari Portland, akidai mji unaungua, waandamanaji nje ya jengo la idara ya uhamiaji walivaa mavazi ya kujazwa hewa: chura, farasi wa pembe moja, kuku. Oktoba, waendesha baiskeli wakatoka uchi kwenye mvua. Picha za maofisa wa serikali kuu wenye vinyago vya gesi wakikabiliana na chura zikazunguka dunia, na madai ya mji kuungua yakakosa pa kusimama. Hapo vituko vilifanya kazi ya kweli, kazi ileile ya Vortex miaka 55 nyuma, ila safari hii bila gavana wa kuviandalia jukwaa.

Armadillo ilikuwa imefungwa zamani, usiku wa Desemba 31, 1980. Jengo likavunjwa, yakaja maofisi. Popo milioni moja na nusu bado wanatoka chini ya daraja la Congress kila jioni ya kiangazi, na watu bado wanaogelea Barton Springs. Mwaka 2024 jimbo la Texas lilianza kuipanua I-35 katikati ya Austin kwa gharama ya dola bilioni 4.5, likihamisha nyumba na biashara nyingine kando ya mstari wa 1928. Jiji liliomba angalau baadhi ya sehemu za barabara zifunikwe juu ziwe bustani, likaambiwa litafute fedha lenyewe.

Portland, wazao 26 wa familia zilizobomolewa kwa ajili ya hospitali ya Emanuel walikuwa wamelishitaki jiji mwaka 2022. Juni 2025 makubaliano ya dola milioni 2 yalifikishwa mbele ya baraza ili yaidhinishwe. Wazao wakasimama, wakaeleza nyumba za bibi zao zilivyokuwa, na zilivyochukuliwa. Madiwani waliposikia wakasema kiasi hicho ni kidogo mno, wakakipandisha hadi milioni 8.5.